Garsen Hakuna Baridi, Basi Hii Baridi Yabisi Imetoka Wapi?

Sawa wasee. Leo sina klipu ya kuchekesha. Leo ni kusoma, kwa hivyo tafuta kivuli, weka simu kwa chaji, tulia. Posti ni refu lakini inakuhusu, hata kama una miaka 19 na unadhani magoti yako ni ya chuma.

Swali langu ni rahisi. Mnaojua Garsen mnajua jua letu. Saa saba mchana pale stendi, hata mbuzi wanagombania kivuli cha matatu. Sasa mbona kila nyumba hapa kuna mtu ana "baridi"? Nyanya ana baridi ya magoti. Shangazi ana baridi ya vidole. Jirani ana baridi ya mgongo. Ukiuliza imetoka wapi, utaambiwa alioga maji ya mto alfajiri, ama alilala chini wakati wa mafuriko ya 2023, ama anaosha vyombo usiku. Kila mtu ana jibu, na hakuna aliyepimwa.

Hoja yangu ndiyo hii: "baridi" ni kapu. Tumetupa ndani maumivu yote ya viungo bila kuangalia yapi ni yapi. Na ndani ya hilo kapu kuna ugonjwa mmoja ambao ukichelewa kuutibu unakula vidole vya mtu kabisa. Unaitwa rumatoidi athraitisi. Dunia inaamini ugonjwa huu Afrika ni wa nadra. Mimi nasema kabla ya kuamini hivyo, kwanza mtu aje atuhesabu.

Najua kuna mtu tayari anachapa komenti, "wewe uliacha chuo mwaka wa pili, umekuwa daktari lini?" Si daktari, na sitakuandikia dawa hapa. Lakini kusoma sikuacha, na hesabu ya kugawanya na kuzidisha haihitaji digrii. Twende.

Jina lenyewe

Tuanze na neno. "Yabisi" ni neno la Kiarabu, maana yake kavu. Baridi yabisi ni baridi kavu. Hii ni lugha ya tiba ya zamani sana, ya Wagiriki kisha Waarabu, iliyofika pwani yetu na majahazi na vitabu. Kwa tiba hiyo, mwili una joto na baridi, una ukavu na umaji, na ugonjwa ni pale kimoja kinapozidi. Ndiyo maana mpaka leo wazee wetu wanakwambia chakula hiki ni cha baridi, kile ni cha moto. Sicheki. Kwa wakati wake ilikuwa elimu kubwa, na hata Ulaya walitibiwa hivyo kwa karne nyingi.

Lakini wenzetu waliendelea kuchambua. Mwaka 1800 daktari Mfaransa, Augustin Jacob Landré-Beauvais, aliandika kuhusu wagonjwa wake Paris ambao viungo viliwavimba kwa namna isiyofanana na jongo. Mwaka 1859 daktari Mwingereza, Alfred Baring Garrod, akaupa ugonjwa huo jina ambalo dunia inatumia mpaka sasa. Tangu hapo wamejua haya ni magonjwa tofauti, yenye sababu tofauti na dawa tofauti. Sisi bado tuko kwa kapu.

Ni ugonjwa gani basi?

Mwili wako una walinzi. Kazi yao ni kupiga vijidudu vinavyoingia kutoka nje. Kwa mtu mwenye rumatoidi, walinzi wanageuka na kuanza kupiga nyumba waliyoajiriwa kuilinda. Wanashambulia ule utando laini ulio ndani ya viungo. Utando unavimba, unapata moto, unakua, halafu unaanza kula gegedu na mfupa. Kwa hivyo maji ya mto hayakuleta huu ugonjwa, wala kuosha vyombo usiku. Kwa nini walinzi wanageuka, bado haijajulikana yote. Kurithi kuna mchango. Sigara ina mchango mkubwa. Kuwa mwanamke kunaongeza uwezekano mara mbili hadi tatu.

Dalili zake zina mpangilio, na hapa ndipo nataka ukae macho. Inapenda viungo vidogo: vidole vya mikono pale kwenye konzi, vifundo vya mikono, vidole vya miguu. Inapenda kuja pande zote mbili, mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Asubuhi mtu anaamka mikono imekakamaa, na ukakamavu unachukua nusu saa, saa nzima au zaidi kabla ya kulegea. Akifanya kazi kidogo anapata nafuu, akipumzika sana anarudi kukauka. Juu ya hiyo kuna uchovu wa mwili mzima, pengine na homa ndogo na kupungua uzito.

Magoti ya nyanya ambayo yanauma akitembea na kupoa akikaa, mara nyingi hayo ni ya kuchakaa. Ni ugonjwa mwingine, nao ndio wa kawaida zaidi. Dole gumba la mguu linalolipuka usiku mmoja, limewaka kama kaa, hilo linaweza kuwa jongo. Unaona? Kapu lilikuwa na vitu vingi.

Sasa namba

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wanaishi na rumatoidi. Wakenya wote tuliohesabiwa mwaka huo tulikuwa milioni 47.6. Kwa hivyo fikiria zaidi ya theluthi moja ya Kenya, wote wanaamka asubuhi hawawezi kufunga kifungo cha shati. Kati yao, asilimia 70 ni wanawake. Asilimia 55 wamepita umri wa miaka 55. Geuza hiyo: karibu nusu bado hawajapita. Hii habari ya "ugonjwa wa wazee" imeishia hapo.

Watafiti wa mradi unaopima mzigo wa magonjwa duniani walipiga hesabu yao wakapata watu milioni 17.6 mwaka 2020, na wakakadiria kwamba kufikia 2050 watakuwa milioni 31.7. Kwa wastani ni kama watu 2 kwa kila watu 1,000.

Lakini wastani unaficha mambo. Ukitandaza ramani, ugonjwa haujagawanywa sawa. Ulaya ya kaskazini na Marekani, kwa kawaida ni kati ya watu 5 na 10 kwa kila watu wazima 1,000. Kwa baadhi ya wenyeji asilia wa Marekani, kama Wapima na Wachippewa, imezidi 50 kwa 1,000. Ukishuka Afrika, rangi ya ramani inafifia kabisa. Kuna uchunguzi uliochapishwa 1993 kutoka kijijini Nigeria ambapo watafiti hawakupata mgonjwa hata mmoja.

Msee akiona hiyo ramani anasema, poa, sisi tumebarikiwa. Subiri.

Mwaka 1975 kulichapishwa tafiti mbili kutoka Afrika Kusini. Moja ilifanywa mashambani kwa Watswana, na walipata kama watu 12 kwa kila watu wazima 10,000. Nyingine ilifanywa Soweto, mjini, kwa Waafrika weusi vilevile, na walipata kama 90 kwa 10,000. Nchi moja, miaka ileile, tofauti zaidi ya mara saba. Soweto ilikuwa sawa na Ulaya. Kwa hivyo ngozi yetu haina kinga ya ajabu. Kuna kitu katika maisha ya mjini, ama katika jinsi watu wanavyohama na kuishi, kinachoupa ugonjwa nafasi. Sasa tazama Garsen, tazama Hola, tazama Minjila. Miaka kumi iliyopita na leo ni sawa? Watu wanahamia barabarani, sigara inauzwa mojamoja kila kibanda. Hatuwezi kutumia namba ya kijiji cha zamani kujitangazia afya ya leo.

Halafu kuna jambo la pili, ambalo linaniuma zaidi. Mwaka 2012 watafiti walikusanya tafiti zote walizoweza kupata kuhusu rumatoidi barani Afrika. Walikadiria wagonjwa milioni 2.3 mwaka 1990 na milioni 4.3 mwaka 2010. Lakini tafiti zenyewe zilikuwa chache mno, kutoka nchi chache tu. Bara zima, nchi zaidi ya hamsini, linakadiriwa kwa kuchungulia vijiji vichache. Kwenye ramani, mahali ambapo hapajapimwa vizuri na mahali ambapo hakuna ugonjwa panaweza kupakwa rangi moja, ile iliyofifia. Ukiangalia kwa haraka huwezi kujua ni ipi.

Hesabu ya Tana River

Tufanye ya nyumbani. Sensa ya 2019 ilitupata watu 315,943 katika Kaunti ya Tana River. Ukitumia wastani wa dunia, ni zaidi ya watu 600 wenye rumatoidi.

Utasema kaunti yetu ina watoto wengi, na huu ni ugonjwa wa watu wazima zaidi. Haki yako. Basi chukua ile namba ndogo kabisa, ya mashamba ya Watswana 1975. Inakupa kama 379. Halafu kata nusu, maana karibu nusu yetu ni watoto. Unabaki na kama 190.

Watu 190 ni mabasi matatu au manne ya kwenda Mombasa, yamejaa. Hiyo ni namba ya huruma, ile ya chini. Sasa niambie wewe unayeishi Ngao, Garsen, Tarasaa, Kipini, Hola, Bura: umewahi kukutana na watu wangapi ambao waliambiwa na daktari, kwa jina, kwamba wana rumatoidi athraitisi? Mimi nimeuliza kwa magrupu yangu yote na nimeuliza stendi. Hakuna aliyemjua hata mmoja. Lakini watu wenye baridi ya vidole? Simu ilijaa.

Hao wa mabasi wapo. Wamekaa nyumbani, wamefunga vidole na kitambaa, wanapaka mafuta.

Kwa nini hawaonekani

Sababu ya kwanza, viungo vinauma kwa mambo mengi hapa kwetu. Chukua chikungunya. Neno lenyewe ni la hapa Afrika Mashariki, la Kimakonde, kutokana na namna maumivu yanavyomkunja mtu, na ugonjwa ulitambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanzania mwaka 1952. Lamu, jirani zetu, iliwapiga vibaya mwaka 2004. Mombasa ikaingia mwisho wa 2017 mpaka 2018. Inaletwa na mbu, inakuja na homa, na maumivu ya vidole yanaweza kubaki miezi mingi, yakafanana na rumatoidi kama mapacha. Kuna brusela, ile homa ya maziwa mabichi, ambayo kwa kaunti ya wafugaji kama yetu si mgeni. Kuna seli mundu kwa watoto. Kwa hivyo hata daktari mzuri lazima aulize, aguse, apime. Kipimo cha damu kinasaidia, lakini peke yake hakitoshi. Kuna wagonjwa ambao damu yao haionyeshi kitu, na kuna watu wazima wa afya ambao damu yao inaonyesha.

Sababu ya pili, madaktari bingwa wa viungo Kenya ni wachache mno na wengi wako Nairobi. Kutoka Garsen mpaka Mombasa tu ni zaidi ya kilomita 200. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula, mahali pa kulala, na mtu wa kukusindikiza kwa sababu mikono haiwezi kubeba begi. Mpe huyo mama sababu ya kusafiri hivyo kwa kitu ambacho kijiji kizima kinamwambia ni baridi.

Sababu ya tatu ni sisi. Tumekubali.

Nina shangazi yangu, sitataja anakokaa. Mwaka jana nilimwamkia, nikamshika mkono, akautoa haraka. Nikaona konzi zimevimba, vidole vimeanza kulala upande.

"Shangazi, hivi vidole vimeanza lini?"

"Ah, mwanangu. Tangu nilipomzaa huyu wa mwisho."

"Huyu wa mwisho si yuko darasa la nne?"

Akacheka. "Ndiyo hivyo. Ni baridi tu. Hospitali nilienda, wakanipa za maumivu."

Miaka tisa. Alienda hospitali zaidi ya mara moja, na kila mara akarudi na diklo. Sitaitaja hospitali, na wala silaumu muuguzi mmoja mwenye foleni ya watu mia. Lakini miaka tisa hakuna mtu aliyemwuliza, asubuhi inakuchukua muda gani mpaka vidole vilegee? Ni swali la sekunde tano. Jibu lake lilikuwa, "mpaka jua lipande." Alikuwa anasuka mikeka ya kuuza. Sasa hasuki. Hakuna aliyemfukuza kazi, hakuna barua, kwa hivyo hakuna takwimu popote inayosema amepoteza riziki.

Na wewe kijana usijifiche nyuma ya umri. Kuna utafiti wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta uliochapishwa 2009, uliowaangalia wagonjwa 60 wa rumatoidi. 52 kati yao walikuwa wanawake. Na ugonjwa ulikuwa na vilele viwili vya umri: miaka 40 hadi 49, na miaka 20 hadi 29. Ishirini hadi ishirini na tisa! Hao ni sisi. Ni yule dada anayesuka nywele pale sokoni, ni yule msichana wa kukama ng'ombe alfajiri, ni mimi ninayechapa hii posti kwa vidole viwili.

Kinachoniudhi ni kwamba dawa ipo

Kama ingekuwa haina dawa, ningesema tuvumilie. Lakini ipo, na si ya jana.

Zamani ilikuwa balaa kweli. Mchoraji Mfaransa Renoir alichora miaka yake ya mwisho na mikono iliyopinda. Hapa Afrika, Christiaan Barnard, yule daktari aliyepandikiza moyo wa kwanza wa binadamu Cape Town mwezi Desemba 1967, alikuwa na rumatoidi. Mikono maarufu kuliko yote ya upasuaji duniani, na mwaka 1983 alilazimika kuacha kupasua. Nataja hawa ili ujue hakuna aliyewaroga. Ugonjwa hauangalii cheo.

Mwaka 1988 Marekani iliidhinisha methotreksati kwa ugonjwa huu. Kwa dozi ndogo, inatuliza wale walinzi waliogeuka. Inamezwa mara moja kwa WIKI, narudia kwa wiki, si kila siku, maana kila siku inaweza kuua. Inaambatana na foliki asidi, inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, na mwanamke mwenye mimba au anayepanga mimba haitumii. Kwa hivyo usiinunue dukani kwa ushauri wa rafiki. Hiyo ni kazi ya daktari. Kuna nyingine pia, kama haidroksiklorokwini, binamu wa ile klorokwini ya malaria ambayo wazazi wetu walimeza na kujikuna. Zote mbili ziko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu, zile ambazo kila nchi inaambiwa iwe nazo.

Diklo inapunguza maumivu lakini haizuii mfupa kuliwa, na ukiimeza miaka inaumiza tumbo na figo. Steroidi inaleta nafuu ya haraka mpaka mtu anaona muujiza, lakini ukiitegemea inalainisha mifupa na kupandisha sukari. Dawa zinazozuia uharibifu ni zile nyingine, na zinafanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema, ndani ya miezi michache ya kwanza. Mfupa ukishaliwa haurudi. Ndiyo maana "ni baridi tu" ni sentensi ghali sana.

"Bro, sisi tuna shida kubwa zaidi"

Hii komenti nimeipata tayari kwa inboksi, na ni ya haki. Tana River kuna malaria. Kuna kipindupindu. Kuna ukame, halafu mto unafurika, 2023 na tena 2024, barabara inakatika na watu wanalala kwenye mahema. Nani ana muda wa vidole?

Jibu langu: kaunti hii inaishi kwa vidole. Huku hatuna ofisi nyingi za kukaa na kubonyeza. Mpokomo analima mpunga na ndizi kwa mkono, anapiga kasia kwa mkono. Muorma na Mwardei wanakama kwa mkono, na wanawake wanajenga nyumba kwa kufuma nyasi na fito kwa mkono. Maji yanachotwa na kubebwa kwa mkono. Ukame ukija, mwenye mikono mizima anahama na kuanza upya. Ambaye mikono imekufa anabebwa, na anayembeba ni binti aliyetolewa shule. Kwa hivyo ugonjwa wa vidole haupangi foleni nyuma ya njaa. Unaileta nyumbani.

Na siombi hospitali ya ghorofa kumi. Afya iko chini ya kaunti tangu 2013, kwa hivyo hatuhitaji kungoja Nairobi. Naomba vitu vidogo.

Kwanza, tuhesabiwe. Mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii, hawa CHP wetu, mabegi yenye mashine ya presha na ya sukari. Wanaingia nyumba kwa nyumba. Waongezewe maswali matatu: Una viungo vilivyovimba kwa zaidi ya wiki sita? Ni pande zote mbili? Asubuhi vinakakamaa zaidi ya nusu saa? Hayahitaji mashine wala betri. Wakiuliza nyumba zote mwaka mmoja, tutakuwa tunajua kitu ambacho ramani ya dunia haijui.

Pili, daktari bingwa aje kwetu hata mara moja kwa miezi mitatu, Hola na Ngao, badala ya wagonjwa 190 kwenda kwake. Basi moja kuja ni rahisi kuliko mabasi manne kwenda.

Tatu, dawa ya wiki iwepo kwenye famasi ya kaunti, pamoja na vipimo vya kuilinda. Ukianza mtu kwa dawa halafu ikapotea miezi miwili kwa sababu barabara imefurika, umemrudisha nyuma. Wenye dawa za kudumu wapewe za kutosha kabla ya msimu wa mvua. Hii inawahusu wa presha na sukari pia.

Na wewe mwenye simu

Mwakilishi wako wa wadi yuko kwa simu yako, au rafiki yako ana namba yake. Mtumie yale maombi matatu. Ukienda kwenye baraza la bajeti ya kaunti, lile ambalo vijana hatuendi halafu tunalalamika, simama uulize kuhusu dawa hii kwa jina.

Na leo jioni, fanya hivi. Ukimwamkia mamako, shangazi, nyanya, mke wa jirani, shika mkono wake vizuri, kwa upole. Akiutoa kwa maumivu pale kwenye konzi, usiseme pole ukaondoka. Muulize asubuhi vidole vinachukua muda gani kulegea. Akisema muda mrefu, na ni mikono yote miwili, na imepita wiki sita, mpeleke hospitali. Usiseme "ana baridi." Mwambie daktari hivi: viungo vidogo, pande zote mbili, vinakakamaa asubuhi, wiki kadhaa sasa, tunaomba aangaliwe kama ni rumatoidi. Sema hivyohivyo. Ukisahau, piga picha ya hii aya.

Oktoba 12 ni Siku ya Athraitisi Duniani. Mimi nitakuwa stendi ya Garsen na kamera, nikiuliza watu yale maswali matatu. Shangazi ana miadi yake Mombasa kabla ya hapo, nauli tumeshachanga. Mwenye gari linalokwenda wiki hiyo na nafasi ya watu wawili, niandikie.